Nyoka Wawili wa Shimo la Fuko

Pale Kamina hakuna mtu aliyeusifu mkono wake kama Lumbala alivyousifu wake wa kuume. Alikuwa mchimbaji wa fuko, wale panya wa chini ya ardhi wanaonenepa kwa mihogo ya watu, na nyama yao ikichomwa, hata aliyefunga Kwaresima huuliza bei. Wengine hutega mitego. Lumbala aliwaita wavivu. Yeye alipanda kilimani kwao, akafungua njia ya fuko kwa jembe, akangoja mnyama aje kuiziba, akamkatia njia ya kurudi, kisha akaingiza mkono mpaka begani, shavu limelala udongoni, huku akiwatania waliokuja kutazama.

Na nyoka je? Nyoka alikuwamo, mweusi, mwembamba. Katika ukoo wao walimwita mwenye shimo. Baba yake alimfundisha kwamba huyo hana sumu wala neno na mtu: ukimgusa, lala kimya, fungua kiganja, mwache apite juu ya mkono wako atoke zake, kisha umshukuru, kwa sababu alipo yeye na fuko wapo. Mwaka jana mtafiti mmoja wa Lubumbashi, jina lake Florent, alikuja kutafuta nyoka. Lumbala alimpa wawili: mmoja mzima, juu ya kiganja, na mwingine aliyekatwa na jembe kwa bahati mbaya. Alicheka mpaka machozi kumwona msomi akiruka nyuma.

Tangu mvua zianze goti lilimkatalia, na kazi akamwachia binti yake Gloire, mtoto wake wa pekee, aliyefundishwa naye kila kitu. Kwa hiyo Florent aliporudi asubuhi moja alimkuta Lumbala ameketi uani, anapashwa habari za mji na mkewe Élisa.

"Papa Lumbala," alisema Florent, "zile nyoka mbili haziko aina moja."

"Miye niliona ni ndugu."

"Ata siye tuliona vile. Ma-buku yote iliandika jina moja. Sasa tumepima muzuri. Ule mwenye ulinipa muzima njo ule wa zamani. Ule mwenye ulikata na jembe iko mupya kabisa. Tumemupa jina ya kilima yenu."

Lumbala alivimba kichwa papo hapo. Kilima chao kitabuni! Aliwaza jinsi atakavyowasumbua watu Jumapili mlangoni mwa kanisa.

"Na nitabajua namna gani, huyu na huyu?"

"Kwa macho hauwezi, papa. Lazima kuhesabu magamba chini ya mukia." Florent akapunguza sauti. "Lakini ule mupya iko na sumu. Hafungue ata kinywa. Jino inatokea pembeni, inachoma kitundu kimoja tu, sawa mwiba. Kisha kidole inakuwa mweusi."

Uso wa Lumbala ulibadilika. Kidole cheusi alikijua. Mdogo wake Kayembe alikufa nacho baada ya kuchimba fuko, na alama ilikuwa moja tu. Nyoka huacha alama mbili, nani asiyejua? Basi ukoo ukasema ni sindano ya uchawi, wakamfukuza mjane wake, Ndaya, akaenda zake Kabondo-Dianda na kikapu kichwani. Aliyepiga kelele kuliko wote siku ile ni Lumbala.

Aibu ilimpanda, lakini haikupata hata nafasi ya kukaa. Hofu ilikuja juu yake.

"Élisa, Gloire iko wapi?"

"Alienda ku kilima na jembe. Si weye njo ulimutuma?"

Goti likasahauliwa. Lumbala alipanda kilima mbio, Florent nyuma yake. Njiani alijaribu kusali, lakini maneno hayakuja. Kilichomjia ni sauti yake mwenyewe ikimfundisha mtoto: lala kimya, fungua kiganja. Alitamani kuirudisha sauti ile kooni.

Walimkuta Gloire ameketi kando ya shimo, fuko wawili wanono wamelala kikapuni. Alipomwona baba yake alitabasamu.

"Papa, leo bahati imekuja! Mwenye shimo alipita juu ya mukono yangu. Nilifanya vile ulinifundisha. Sikutikisika."

"Hakukuuma?"

"Aa, weye naye! Tena nilimushukuru. Mwiba tu njo ilinichoma, mule ndani."

Akanyoosha kidole ili baba aone. Kitundu kilikuwa kimoja, kidogo, na ngozi pembeni yake ilianza kuvimba.

Lumbala alikishika kidole kile kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kukizuia kisigeuke. Akamgeukia Florent.

"Dawa yake iko nini?"

Florent alitazama chini.

"Papa," alisema, "ata jina yake iko ya juzi tu."