Siagi ya Karanga 'Isiyoguswa na Mkono'

Alfajiri, jiko la Bi Mkaango limeshajaa moshi. Anageuza karanga kwa mwiko, anaonja moja, anakunja uso, anaongeza moto. Zikipoa atazipeta uani, azisage, ajaze ndoo.

Bi Mkaango ni jina la mtaani. Jina lake halisi ameomba lisiandikwe, asije akanyimwa kazi.

Mchana gari la kampuni inayonunua siagi yake huja kuzoa ndoo. Kiwandani siagi yake hutiwa kwenye makopo yenye lebo ya kijani: "Imetengenezwa kwa mitambo ya kisasa. Haikuguswa na mkono."

"Haikuguswa na mkono," anasema, akinyoosha viganja vyenye makovu ya moto. "Kwa hiyo hii ni miguu?"

Zamani aliuza mwenyewe. Kisha duka kubwa likafunguliwa jirani, wateja wakazoea kugeuza kopo kutafuta maandishi. Naye akabandika karatasi yake: "Mafuta yakipanda juu, koroga kabla ya kula." Watu wakadhani imeharibika. Ukweli wake ndio uliomfukuzia wateja, na hilo linamkera mpaka leo.

Akaomba kibali cha lebo rasmi. Mkaguzi akatazama kuta akatikisa kichwa: bila vigae na maji ya bomba, hakuna kibali. Kampuni ilipokuja haikuuliza habari za kuta.

"Jiko ni hilihili," anasema. "Likiwa langu ni chafu, likiwa lao ni mitambo ya kisasa."

Kilichomuumiza zaidi kililetwa na mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekuja kumjulia hali na zawadi: kopo la lebo ya kijani, bei mara tatu ya aliyouza yeye.

"Mama, achana na hizo za ndoo," mkwe akamwambia. "Kula hii, ni safi. Hata mjukuu wako simpi nyingine."

Bi Mkaango akaonja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa yake, mtaani hakuna mwingine anayekaanga karanga hadi zikaribie kuungua.

"Nikasema ahsante mwanangu. Ningesema nini? Maneno kwamba ni yangu yakifika kampuni, nitakula nini?"

Sasa ananunua vigae kidogo kidogo. Ukuta mmoja umefika kiunoni. Ukuta wa mwisho ukikamilika, anasema, atamwita mkaguzi, na kopo la kwanza lenye lebo yake litakwenda kwa mjukuu.

Je, mkwe atampa mtoto?

Bi Mkaango anafuta mikono kwenye kanga.

"Atasoma kwanza," anasema.