Maji Baada ya Mzunguko wa Mwisho

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: hakuna kunywa maji mpaka mbio ziishe. Alisema maji yanalegeza tumbo. Ndoo ilikaa kando ya uwanja, naye alikaa karibu nayo kwenye kiti cha plastiki, kwenye kivuli pekee kilichokuwepo.

Nilikuwa kidato cha tano, shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Morogoro. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano ya mkoa, na mazoezi yalianza mara tu baada ya chakula cha mchana, jua la Februari likiwa utosini. Rafiki yangu, ambaye bwenini alilala kitanda cha juu yangu, alitoka Mgeta, kule milimani ambako watu huamka na masweta. Mwalimu alimchagua kwa mbio ndefu tangu wiki aliyoripoti. "Ninyi wa milimani mna mapafu ya punda," alimwambia, na rafiki yangu akacheka, akidhani anasifiwa.

Siku hiyo aliamka na homa. Tulikwenda pamoja kumwombea ruhusa.

"Kila mwaka nawaona," mwalimu alisema. "Saa ya kukimbia ikifika, wasichana wote wagonjwa."

"Mwalimu, kichwa kinauma kweli," rafiki yangu alisema.

"Basi ongeza mizunguko miwili, kitatulia."

Akakimbia. Mwanzoni alikuwa mbele yangu, kisha nikamfikia, na nilipompita niliona jambo lililonitisha: sisi wote tulikuwa tumelowa jasho, yeye ngozi ilikuwa kavu. Nilimwita, hakuitika. Ghafla akageuka na kuanza kukimbia kurudi tulikotoka, akiyumba, akimwita mama yake kwa Kiluguru. Mwalimu alicheka. Na wenzetu kadhaa wakacheka, kwa sababu mwalimu amecheka.

Alipoanguka nilikimbilia ndoo. Mwalimu akanipokonya kikombe. "Ukimbembeleza unamharibu. Mwache, atainuka mwenyewe."

Hakuinuka. Alianza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, na hapo ndipo mwalimu aliposimama kutoka kwenye kiti. Matroni alikuja na sanduku la huduma ya kwanza, limefungwa kufuli, na mwenye ufunguo amekwenda mjini. Walilivunja kwa jiwe. Ndani mlikuwa na pampu ya mipira na soksi. Gari la shule lilikuwa limempeleka mkuu wa shule harusini. Ikaitwa bodaboda, rafiki yangu akawekwa katikati, mimi nyuma yake, tukafungwa kwa khanga ya matroni ili asidondoke. Shavu lake lilikuwa begani kwa dereva, na kifua changu kilichogusa mgongo wake kiliungua kama nimekumbatia sufuria. Tulipokuwa tunatoka getini nilisikia filimbi. Wenzetu walikuwa wanaambiwa wamalizie mizunguko.

Hospitalini muuguzi alimvua haraka, akamlowesha maji kichwa hadi miguu na kumpepea kwa kipande cha boksi. "Huko mlimmwagia maji?" aliniuliza.

"Hapana."

"Kumnywesha je, kabla hajaanguka?"

Nilitikisa kichwa, naye hakuniuliza tena.

Alipona, kama kule ni kupona. Alipoteza fahamu siku nyingi, na alipozinduka mikono ilitetemeka, maneno yakawa yanamtoka nusunusu. Daktari alisema joto limeugusa ubongo. Shuleni mkuu alitutangazia mstarini kwamba mwenzetu ameugua malaria ya kichwa, na kwamba atakayesema vinginevyo atakuwa anachafua jina la shule.

Baadaye mama yake alishuka na lori la mboga kuja kuchukua sanduku la nguo la bintiye. Alileta gunia la karoti, akalikabidhi kwa mwalimu wa michezo kwa mikono miwili. "Ahsante, mwalimu, kwa kuniwahishia mtoto hospitali." Mwalimu alipokea, akasema ndiyo kazi yake, akalifunga gunia kwenye pikipiki.

Nilimsaidia mama kubeba sanduku hadi barabarani. "Mama, hukuambiwa ukweli," nilimwambia tulipolitua, kisha nikamweleza yote, tangu ruhusa aliyonyimwa hadi ndoo.

Alinisikiliza akiwa anafunga upya kilemba chake. "Najua, mwanangu," alisema. "Matroni alishanieleza. Lakini mdogo wake amepangiwa hapahapa, kidato cha kwanza. Nikigombana nao, atasoma wapi?"

Nilipomaliza shule nilipanda Mgeta kumwona rafiki yangu. Alikuwa amekaa mlangoni, amefungwa khanga kiunoni hadi kwenye nguzo, maana njia ya pale ni mteremko na alishaanguka mara mbili. Alinitambua, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Watoto wa jirani walikuwa wakipita wakiigiza anavyotembea, na hakuna aliyewakemea.

Mdogo wake alikuwa ndani, anapanga nguo za kurudi shule. Mwalimu ameshamchagua kwa mbio ndefu.

Nilimwambia, "Akikunyima maji, kaa chini. Usiinuke hata akikuchapa."

"Akinifukuza je, dada?"

"Afadhali ufukuzwe."

Mama yao, aliyekuwa akimlisha rafiki yangu uji kwa kijiko, hakugeuka kunitazama. "Mwanangu," alisema taratibu, "usinifundishie mtoto ujeuri."