Betri niliyoitoa kwenye kaseti ya gemu

Jamani, leo nimefuta ligi nzima bila kukusudia.

Mimi fundi redio, nimejifundisha mwenyewe: kabla ya kuchomelea, toa betri. Ndivyo nilivyofanya asubuhi nikibadilisha chipu, ili kaseti yangu ya gemu ya mpira ibebe gemu nane.

Zote nane zikawaka. Nikajiona mwamba!

Mchana shemeji Mathayo, kaka wa mke wangu, karudi kutoka kuvuna zabibu Makutupora. Ligi yetu tuliiacha ndani ya kaseti ile ile, akiniongoza kwa pointi tatu, imebaki mechi ya mwisho.

Tukawasha. Timu zote sifuri.

Kumbe kale kabetri ndiko kalikokuwa kakishika kumbukumbu.

"Shemeji, umefuta."

"Haki ya Mungu, ni betri!"

"Betri nayo ilijua nakuongoza?"

Nikamwambia basi, bingwa ni wewe.

"Ubingwa wa kupewa? Kaa nao."

Zabibu alizoniletea kamkabidhi dada yake, akasisitiza nisionje.

Sasa nina gemu nane, pedi mbili za kuchezea, na mchezaji mmoja. Mafundi wenzangu, nani atakuja hapa Makole kunitolea ushahidi kwamba ni betri?