Dishi la Mzee Limeyumba

Baba yangu husema haangalii tamthilia. Kwa maelezo yake yeye anangoja taarifa ya habari, na kama kabla ya habari kuna mama wa Kituruki anayelia kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, hilo ni shauri la kituo. Siku king'amuzi kilipogoma, taarifa ya habari ilikuwa bado saa nne mbele, na mzee alikuwa ameshavaa miwani.

Picha ilianza kwa kuganda. Uso wa yule mama ukakatika vipande vya mraba, jicho likabaki juu, mdomo ukahamia shingoni, kisha kioo kikawa cheusi na kutuandikia kwamba hakuna mawimbi. Baba alitengeneza injini za boti pale bandarini Kigoma mpaka alipostaafu, na kwake kila mashine ina dawa moja. Aliizaba tivii kofi la ubavuni. Akasubiri. Akaizaba jingine.

"Baba, utaivunja!"

"Imezoea," akasema.

Mimi ni fundi cherehani, nafanya kazi kwenye baraza la nyumba yetu hapa Ujiji, na nakiri kwamba hasira zangu ziko karibu. Niliacha gauni la watu kwenye mashine nikaingia kufanya yale ambayo kila mtu hufanya. Nilichomoa king'amuzi ukutani, nikahesabu mpaka ishirini, nikachomeka. Nilitoa kadi, nikaipangusa na khanga, nikairudisha. Nilibadilisha betri za rimoti ingawa rimoti haikuwa na kosa lolote. Nilipiga huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaujua, na dada mmoja mwenye sauti tamu akaniuliza kama tivii imewashwa. Sitaandika nilichomjibu.

Siku mbili tulikaa hivyo. Baba alikosa la kufanya, akahamia barazani kunifundisha kushona.

Hapo lazima nieleze habari ya mdogo wangu, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Mdogo wangu ameolewa Kidahwe, kwenye barabara ya kwenda Kasulu, na mume wake ni fundi wa madishi. Ni kijana mpole, wazee wake walitoka Burundi zamani wakatulia huku. Baba hakuwa na neno na kwao. Neno lake lilikuwa ile kazi. "Mtu wa kushinda juu ya mapaa ya watu," alisema. "Siku moja atashuka vibaya, mwanangu abaki na ngazi." Siku ya harusi alisema mguu unamuuma, hakwenda. Kesho yake mguu ulipona. Mdogo wangu lilimchoma jambo lile, na tangu hapo hakukanyaga nyumbani. Kila jioni alinipigia kuuliza mzee amekula nini, na kila jioni mzee aliniuliza nilikuwa naongea na nani, kisha akangoja nimwambie kila neno. Nilikuwa nimechoka kuwa posta. Niliwapenda wote wawili, na niliumia kuwaona wanazeeshana kwa ukaidi.

Kwa hiyo nikajiambia: dishi limeharibika, fundi tunaye ndani ya ukoo, sababu ndiyo hii. Nikashika simu, huku nakata kitambaa, nikamwandikia mdogo wangu: "Dishi la mzee limeyumba tangu juzi. Njoo na mumeo."

Nilimaanisha dishi, lile la bati, lililo juu ya paa. Lakini kila mtu mjini anajua maana nyingine ya maneno hayo. Mtu akianza kuongea peke yake njiani, vijana husema dishi lake limeyumba. Mimi wakati ule nilikuwa nawaza mkasi na kitambaa tu.

Jibu likaja papo hapo: "Mungu wangu. Anatambua watu?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu: "Mimi ananifokea tu. Asubuhi nzima anaipiga tivii makofi."

Hakuandika tena.

Hazikupita saa mbili bodaboda mbili zikasimama mbele ya baraza. Mdogo wangu alishuka kwenye ya kwanza akiwa na macho mekundu na chupa ya maji ya dua aliyoipata sijui wapi. Mume wake alishuka kwenye ya pili, mkoba wa vifaa begani. Kumbe kijana wa watu aliuchukua kwa mazoea tu, maana baadaye alikiri alidhani wanakuja kumpeleka mzee hospitali. Mdogo wangu alinipita bila salamu, akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba na kumshika mikono.

"Baba," akasema taratibu, kama anayemwamsha mtoto. "Unanijua mimi ni nani?"

Baba alimtazama. Akanitazama mimi mlangoni. Akamrudia yeye.

"Wewe ni mwanangu wa pili. Umeolewa na mtu wa mapaa. Kwa nini nisikujue?"

Mdogo wangu akaangua kilio. Baba akaogopa, akaanza kuuliza nani amekufa. Nami ndipo akili iliponijia, nikaitoa simu mfukoni nikasoma upya nilichoandika. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Nilipoweza kuongea nikawaeleza, na mdogo wangu akanirushia kandambili. Baba ndiye aliyechelewa kuelewa, ikabidi afafanuliwe ule msemo wa vijana neno kwa neno.

"Kwa hiyo mnasema mimi ni chizi?"

"Dishi, baba! Dishi la juu!"

Alijaribu kununa, ikamshinda. Mabega yakaanza kumcheza, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka wa harusi ile.

Shemeji alikuwa bado nje. "Shikamoo, mzee," akasema kutoka uani.

Kicheko kikakatika. "Marahaba," baba akajibu, akiitazama tivii nyeusi.

Ngazi ikaletwa. Nyumba yetu ni ya kizamani, fupi, paa unalifikia kwa ngazi ndogo tu. Shemeji akaiegemeza ukutani, akaitikisa kuona kama imekaa, kisha akasimama pale pale.

"Dada, mimi hili siwezi kulipanda," akaniambia kwa sauti ya chini.

Baba alikuwa dirishani, na masikio yake hayajastaafu. "Umepanda mapaa ya Kigoma nzima. Langu ndilo lenye miiba?"

"Mzee yumo chini yake," shemeji akasema. "Siwezi kusimama juu ya kichwa cha mkwe wangu. Sikulelewa hivyo."

Baba aliondoka dirishani, nikasikia kiti kikilia.

Basi nikapanda mimi. Nilivaa suruali ya mazoezi ya mdogo wangu ya enzi za shule, nikakwea na spana mfukoni, na huko juu nikaona chanzo cha balaa lote. Kamba yangu ya kuanikia nguo nilikuwa nimeifunga kwenye nguzo ya dishi. Siku ile picha ilipoganda nilikuwa nimefua mablanketi matatu. Nguzo ilikuwa imevutwa ikageuka, na dishi lilikuwa linaangalia ziwani. Shemeji, pale chini, aliiona kamba sawasawa kama nilivyoiona mimi. Alininyamazisha kwa kidole, akaifungua upande wake, nami nikaifungua huku juu, akaikunja na kuitia mkobani. Siku hiyo nilimpenda yule kijana, nasema kweli.

Kazi ikapangwa. Mimi nageuza dishi, shemeji ananielekeza kutoka chini, baba anasoma namba za ubora wa mawimbi kwenye tivii. Ila baba hakutaka kusema na shemeji moja kwa moja. Alimweka mdogo wangu mlangoni.

"Mwambie mumeo, kumi na mbili."

"Anasema kumi na mbili."

"Dada, sogeza kidogo upande wa mchikichi."

Nikasogeza.

"Mwambie, thelathini."

"Anasema thelathini."

"Endelea, dada."

Nikaendelea, na thelathini ilipofika kwangu juu ilikuwa imeshageuka sifuri huko ndani. Dishi halina subira. Ukilisogeza upana wa kidole umeshaipita setilaiti, na sisi habari yetu ilikuwa inazunguka kwa watu watatu kabla ya kufika. Tulirudi, tukapita tena. Tukarudi, tukapita. Bati lilikuwa linanichoma magoti, nami nikaanza kusema maneno ambayo binti wa Ujiji hatakiwi kuyasema akiwa mahali pa juu.

"Sitini! Mwambie sitini! Aa, imepita!" baba akapiga kelele. Kisha nikaona kichwa chake kimetoka dirishani chote, miwani kwenye paji la uso. "Wewe kijana! Imepita! Mrudishe!"

"Upande gani, baba?"

"Nitajuaje upande, fundi si wewe? Alikotoka!"

"Rudi, dada. Taratibu. Tunaonaje, baba?"

"Arobaini. Hamsini. Hamsini na tano. Mwambie asipumue!"

Sikupumua.

"Sabini na nane! Hapo hapo! Kaza, kaza, mwanangu, kaza!"

Mimi ndiye niliyekuwa na spana, lakini mwanangu ile haikuwa yangu. Baba alikuwa anamtazama shemeji. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, kazi ya kupeleka habari imekwisha, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Nilishuka, nikapika migebuka kwa mawese na ugali, tukala wote sebuleni. Yule mama wa Kituruki alirudi, akaendelea kulia pale alipoachia. Shemeji alikula kwa adabu mpaka baba akamsogezea samaki wa pili mwenyewe. Kisha mdogo wangu akatazama saa, akachukua pochi yake na kusimama. Njia ya Kidahwe inawangoja, akasema.

Baba alikuwa ameikodolea tivii.

"Hii picha bado inaganda," akasema.

Nikaangalia. Haikuwa inaganda. Machozi ya yule mama yalikuwa yanateremka moja moja, safi kabisa. Nilifungua mdomo kusema, shemeji akaniwahi.

Aliitazama picha kwa muda mrefu, kama daktari. "Ego, mzee," akaitikia kwa Kirundi chao. "Inaganda kidogo. Hii itabidi nije niiangalie tena."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Basi mje wote wawili," baba akasema, bila kugeuza shingo. "Na msije jioni. Jioni nina habari."

Mdogo wangu akaweka pochi chini, akakaa tena karibu na kiti cha baba.