Mkanda wa Bunduki ya Arvil

Kwenye kiwanda cha mbao, Verlin Stamper walimwita Naomba. Kila jambo alikuwa akiliombea ruhusa kwanza. Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alikuwa wa kwanza kuruka ua wa mtu, na milima yote ile ya mashariki ya Kentucky ilimjua kwa utundu wake.

Kosa lake la kwanza lilikuwa nyaya za shaba. Alizing'oa kwenye mgodi wa makaa uliofungwa, akakamatwa, jaji akampa kifungo cha nje. La pili lilikuwa vidonge vya maumivu alivyouza nyuma ya kituo cha mafuta, na hilo likampeleka gerezani. Siku ya hukumu jaji, mzee aliyekuwa na mafua siku ile, alipenga kamasi kisha akamwambia bila kupandisha sauti:

"Bwana Stamper, sheria ya jimbo hili inakumbuka. Ukirudi na kosa kubwa la tatu, hata mimi nikikuonea huruma, haitakusaidia. Utahesabiwa mkosaji sugu. Hapo ni miaka kumi hadi ishirini. Na wewe kushika bunduki tu, hata ya kuwindia, ni kosa kubwa. Umenielewa?"

Alielewa. Alielewa kupita kiasi, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Alipotoka kwa parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, alikabidhiwa kwa afisa mmoja, Bi. Rudd, mwanamke mnene mwenye haraka. Verlin alimpigia simu kuuliza kama aweza kuvuka mpaka wa jimbo kwenda harusini. Hilo lilikuwa sawa, sheria inataka uulize. Lakini alimpigia pia kuulizia kisu cha kuchunia samaki, na mashine ya kupigilia misumari, kwa kuwa mafundi huiita bunduki. Siku hiyo Bi. Rudd alicheka mpaka akakohoa. Kiwandani Cletis, aliyefanya naye kazi kwenye msumeno, hakumwacha.

"Naomba, umeomba ruhusa ya kwenda chooni?"

"Nimeomba. Wamesema wewe utangulie, ukasafishe."

Wakacheka, kazi ikaendelea. Verlin hakujali. Alikuwa akilala kitandani mwake, na aliyewahi kulala kwingine ndiye ajuaye thamani ya jambo hilo.

Baba yake, Arvil, alikuwa amemaliza mapafu yake migodini, na majira yale ya kupukutika majani alikuwa akiishi na bomba la hewa puani. Kwao, Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu ni siku kubwa. Watu huamka kukiwa bado giza, wakala mikate yao na mchuzi wa soseji, wakapanda mlimani. Na baba akiona hawezi tena kupanda, asubuhi hiyo humkabidhi mwanawe mkubwa bunduki yake mezani, mkono kwa mkono, mbele ya waliopo. Arvil aliipokea hivyo kwa baba yake, na baba yake vilevile.

Basi Jumamosi ile mzee alikaa mezani na bunduki mapajani. Oneda, dada yake Verlin, alikuwa akimwaga kahawa.

"Haya," mzee akasema. "Njoo uchukue."

Verlin alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota jokofu, mikono kaificha nyuma.

"Siwezi, Baba. Unajua siwezi."

"Niliinunulia risasi kabla huyo jaji wako hajaota meno! Ni yangu, nampa nimtakaye."

"Baba, akiishika tu ni miaka kumi," Oneda akasema. "Kumi mpaka ishirini. Unataka akaozee huko?"

"Basi atoke mbele yangu."

Lakini Verlin hakutoka, na mzee hakurudia. Alikula kidogo, hewa ikimpigia mluzi puani. Kisha akaanza kuhangaika na bunduki. Oneda alipotaka kumsaidia alimsukuma. Akaufungua mkanda wa ngozi wa kubebea, ule uliokuwa mweusi kwa jasho la bega lake na la baba yake. Bunduki akampa Oneda aende nayo kwake. Mkanda akaukunja, akaunyoosha kwa mwanawe.

"Huu je? Huu haulii, hauui. Shika, mwanangu."

Kwa mtu kama Arvil, hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa ameikata mila ya wazee wake vipande viwili ili mwanawe apate kimoja.

Verlin alinyoosha mkono. Ukafika katikati ya meza, ukasimama.

"Ni kifaa cha bunduki, Baba," akasema. "Ngoja niulize kwanza. Nikijibiwa tu, nauchukua."

Oneda alimtazama kama anayetaka kumpiga kwa sufuria. Mzee hakukasirika. Aliurudisha mkanda mapajani.

"Uliza," akasema. "Mimi nipo."

Verlin akatoka barazani akapiga simu. Afisi ilikuwa imefungwa, na Bi. Rudd naye alikuwa mlimani kutafuta kulungu kama wilaya nzima. Akaacha ujumbe. Jumapili alasiri Arvil akafa kitini, mkanda umezungushwa kiganjani.

Walijaribu kuutoa, lakini ngumi ilikuwa imekaza. Oneda akauliza kama wamfungue vidole kwa nguvu. Verlin akakataa, maana jibu lilikuwa bado halijaja. Wakamzika nao. Yeye alibeba jeneza upande wa mbele, na alilia kwa sauti mbele za watu.

Simu iliita wakati wanashuka kutoka makaburini.

"Stamper, samahani, ndiyo kwanza naupata ujumbe wako," Bi. Rudd akasema. "Mkanda? Mkanda wa ngozi tu, bila bunduki? Jamani wewe! Chukua mkanda wako, hakuna sheria inayokukataza."

Verlin akasimama njiani. Oneda, aliyekuwa amemshika mkono, alisikia kila neno.

"Ahsante, bibi," Verlin akasema. "Nilitaka kuwa na hakika."