Mzee aliyeucheka mchoro wangu wa mguu, kliniki ya kisukari Temeke

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mie ni nesi kwenye zahanati moja huku Temeke, kliniki ya kisukari. Nilikuwaga naongea kama redio: kagueni miguu kila siku, msitembee peku, ganzi si ya kupuuza. Wagonjwa wanaitikia "sawa sista", wanaondoka.

Kuna Mzee Chilumba, mchongaji vinyago, mtu wa Newala. Utani mwingi, utampenda tu. Ila msimamo wake: mguu usiouma ni mguu mzima, nukta.

Siku moja nikaona isiwe tabu. Nikageuza kalenda ya zamani, nikachukua maka peni, nikachora unyayo na sehemu ambazo vidonda hujificha.

Mzee akaangua kicheko. "Mwanangu, huu mguu au muhogo?"

Chumba kizima hoi. (Na kweli wakuu, ulikuwa muhogo.)

Nikampa maka peni. "Haya baba, chora wewe."

Akavua kandambili ili autazame unyayo wake, achore vizuri. Akaupandisha mguu juu ya goti.

Akaugeuza unyayo, akauinamia.

Kibanzi cha mti kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, na pembeni nyama imeshaanza kuharibika.

"Hiki kimeingia lini?" akaniuliza, sauti ndogo mno. Sikuwahi kumsikia akiongea vile.

Niliogopa jamani. Nimeshaona mguu ukikatwa kwa kidonda kidogo kuliko kile. Tukamwandikia rufaa palepale, akalazwa, halafu wiki kibao anakuja kusafishwa kidonda. Namshukuru Mungu, mguu ulipona.

Alipopata nafuu akaja na kitu kimefungwa kwenye kanga ya mkewe. Mguu wa mti, saizi ya mtu mzima, na chini ya kidole gumba kachonga shimo.

"Chukua. Ule wako utafukuza wagonjwa."

Nililia, sifichi.

Siku hizi somo linaanza kwa mguu huo kupita mkono kwa mkono. Juzi mama mmoja, mbishi balaa wa kuvua viatu, akaupapasa chini, kidole kikaingia shimoni. Akainama mwenyewe, akaanza kufungua viatu.

Nilichojifunza: mgonjwa si kwamba hasikii, sie ndio hatumwonyeshi.

Wenzangu wa afya, nyie mnafundishia nini? Na mwenye mzazi wa kisukari, hebu kamwangalie nyayo kwanza, ndio urudi ku-comment.