Mkalimani wa Kura za Amerika

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitafsiri redio kama mahubiri.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa vitabu vya nyimbo ambavyo wamisionari waliviacha kanisani. Ukalimani niliupata kwa kutazama, Jumapili, hapa Kamina, mji wa reli katika Katanga. Mkalimani wetu hasemi "mhubiri anasema". Anasema "minyi", yaani mimi. Mhubiri akipiga mguu chini, naye anapiga. Mhubiri akilia, naye analia. Nilidhani huo ndio ukamilifu, na kitu kisichokamilika hunikosesha usingizi.

Basi jioni, kwenye kibanda cha jirani yetu anayechaji simu za watu kwa paneli ya jua, waliokuwa wakingoja simu zao niliwapa habari za Amerika kwa namna hiyohiyo. Mgombea mmoja aliyeshindwa alikuwa bado anadai kwamba ameibiwa. Nilisimama, nikapandisha sauti kama yeye, kwa Kiswahili cha kwetu: "Minyi njo nilishinda! Baliiba kura zenu!"

Walipiga makofi. Nilifurahi, nakiri. Mahakama za kwao zilikuwa zimeyasikiliza madai hayo na kuyakataa, na mimi nilijua. Lakini jaji hapigi mguu chini. Sikujua kumtafsiri mtu anayesema polepole, kwa hiyo nikamruka.

Miezi ile sisi wenyewe tulikuwa tunakaribia kupiga kura. Kijana mmoja anayeleta samaki wakavu kwa baiskeli kutoka Kinkondja aliuliza, "Kama kule Amerika baliiba, hapa njo itakuwa je?"

"Hapa tunabajua," mwenzake akajibu. "Njo bale balikuya na treni."

"Na weye unachaji simu kwao kila siku!" mwingine akamtania.

Wakacheka wote. Mwenye kibanda hakucheka. Wazazi wake ni wa Kasai, watu waliokuja huku na treni kutafuta kazi. Alikuwa msichana mdogo familia yao ilipofukuzwa Katanga pamoja na watu wengine wa Kasai, wakalala stesheni juu ya magodoro yao wakingoja treni. Alirudi akiwa mtu mzima. Alikuwa anafuta simu moja kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta ileile.

Asubuhi paneli haikuwa juu ya bati. Nilimkuta ndani, mizigo imefungwa, watoto wamevaa viatu.

"Mama, unaenda wapi?"

"Minyi niko hapa. Batoto njo banaenda, kwa dada yangu, Lubumbashi."

"Lakini ile ilikuwa habari ya Amerika tu."

"Minyi nilisikia Amerika? Nilisikia sauti yako." Alikaza kamba ya mzigo kwa goti. "Ile ya zamani pia ilianza vile, mwanangu. Muntu wa kusema vizuri, na bantu ba kupiga makofi."

Jioni ile nilirudi kibandani nikawaeleza habari za mahakama, taratibu, bila kusimama. Yule wa baiskeli alinitazama kwa mashaka.

"Jana baliiba, leo habakuiba. Nani amekununua?"

Tangu hapo hadi siku ya kura, na hata baada yake, kila kundi la watu lililopita njiani likipiga kelele lilinitoa nje kutazama kama linaelekea mlangoni kwake. Halikuelekea. Hata sasa bado natoka kutazama.

Nina hasira na wakubwa wa Amerika. Mtu anashindwa kura, anakataa kukubali, anapaza sauti akidhani ananena na watu wake tu. Hajui kwamba huku kuna mwanamke anayewavalisha watoto viatu. Lakini yeye hajui Kiswahili. Maneno yake yalifika kwetu kwa kinywa changu.

Siku hizi natafsiri nikiwa nimekaa. Nataja kwanza nani anadai, kisha nani amekataa, na sauti yangu haipandi. Wasikilizaji wamepungua. Paneli imerudi juu ya bati. Watoto bado wako Lubumbashi.